Wimbi la Pili na Majina ya Vilindi vya Dunia

Elimu ya matetemeko ya ardhi huchunguza mahali ambapo hapajafika jicho wala chombo. Kwa sababu hiyo kila istilahi inayoundwa humo hubeba ama jambo lililopimwa ama jambo linalodhaniwa, na tofauti ya mawili hayo si ndogo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi inavyochorwa ramani ya sehemu ya chini kabisa ya mantili, yaani tabaka la mawe lililo kati ya gamba la dunia na kiini chake, na kwa nini majina ya vitu vilivyogunduliwa huko yamezua ubishi.

Tetemeko kubwa litokeapo, mawimbi husambaa ndani ya dunia pande zote. Lile litangulialo kufika kituoni huitwa wimbi la kwanza. Hubana mawe na kuyaachia, kama sauti ifanyavyo hewani. Lifuatalo huitwa wimbi la pili. Hutikisa mawe kiubavu, wala haliwezi kupita katika kitu kiowevu. Majina hayo hayadai lolote ila utaratibu wa kuwasili. Ni kwa kuyachunguza mawimbi hayo kwamba R. D. Oldham alitoa ushahidi wa kuwako kwa kiini mwaka 1906, na miaka michache baadaye Beno Gutenberg akakadiria kuwa kiini huanzia kina cha kilomita 2,900 hivi.

Ramani yenyewe hutokana na ucheleweshaji. Muda wa safari ya kila wimbi hulinganishwa na ule uliotazamiwa. Likichelewa sekunde chache, limepita penye mawe yanayolipunguzia kasi. Wimbi moja halitoshi kuonyesha lilicheleweshwa wapi. Lakini maelfu ya mawimbi yanayopishana njia, yakiwamo yanayogonga paa la kiini na kurudi juu, hupambanua mahali hapo. Mwaka 1984 Adam Dziewonski alitoa ramani ya mantili ya chini iliyojengwa kwa njia hiyo.

Ramani za namna hii zimedhihirisha maeneo mawili makubwa, moja chini ya Afrika na jingine chini ya Bahari ya Pasifiki, ambamo kasi ya wimbi la pili hupungua kwa asilimia chache. Lile la Afrika huinuka zaidi ya kilomita 1,000 juu ya kiini, chini ya kusini mwa bara, kisha huinamia kaskazini-mashariki, upande wa Afrika ya Mashariki.

Hapo ndipo ubishi wa majina ulipoanza. Wataalamu wengine waliyaita maeneo hayo kwa jina lenye maana ya nguzo kuu ya joto ipandayo. Jina hilo lachukulia kwamba mawe hayo ni ya moto na mepesi. Wengine waliyaita malundo, na hilo lachukulia kwamba ni mawe mazito ya aina nyingine, yaliyotuama juu ya kiini. Kuchelewa kwa wimbi hakuamui kati yao, kwa kuwa joto hupunguza kasi, na tofauti ya madini yaweza kuipunguza pia. Mwaka 2002 Sidao Ni na wenzake walionyesha kwamba ubavu wa eneo la Afrika umekatika ghafla. Joto peke yake hutazamiwa kufifia polepole, hivyo hoja ya madini ikapata nguvu. Hata hivyo, mwaka 2017 tafiti mbili zilipingana. Moja, iliyopima jinsi dunia inavyovutwa na mwezi na jua, iliona sehemu ya chini ya maeneo hayo kuwa nzito kuliko mawe yanayoyazunguka. Nyingine, iliyochunguza mtikisiko wa dunia nzima baada ya matetemeko makubwa, iliyaona kuwa mepesi.

Jina la tatu, ambalo sasa limeenea, lataja tu maeneo makubwa yenye kasi ndogo ya wimbi la pili. Ni refu, wala halina mvuto wa taswira, lakini halisemi zaidi ya kilichopimwa. Mwenye kuiundia taaluma hii istilahi za Kiswahili atakuta maneno nguzo na lundo yako tayari, mafupi na yenye kueleweka. Akichagua mojawapo, mwanafunzi atalipokea jibu la swali ambalo wapimaji wenyewe bado wanalijadili. Afadhali aanze na eneo la kasi ndogo.