Tulivyoingia Mapango ya Amboni

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi tukisikia neno utalii tunadhani ni jambo la Wazungu wenye kamera. Hata sisi tulidhani hivyo mpaka mwaka jana, tulipotoka Bujumbura watu wanne kwenda kuwatembelea wenzetu wa mashamba ya mkonge huko Tanga. Safari ni ndefu: Kobero, Singida, Dodoma, Chalinze, Segera. Miguu ilivimba.

Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha chai. Baba yake aliondoka nyumbani mwaka 1953 kwenda kukata mkonge Tanga, naye mwana akiwa bado mgongoni mwa mama. Warundi wengi walikwenda hivyo. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba, na siku zake za kazi zilihesabiwa kwenye kipande. Baba huyo alileta barua moja tu, aliyoandikiwa na mtu. Ilisema kwamba Jumapili walikwenda kutazama mapango ya Amboni. Baada ya hapo, kimya.

Basi mazungumzo yalipokwisha, wenyeji wetu wakauliza tungependa kuona nini. Mzee akasema: mapango.

Yako kiasi cha kilometa 8 kaskazini ya mji wa Tanga, barabara ya Mombasa. Tulilipa kiingilio, akaja kijana wa kutuongoza, akampa mzee shikamoo, akawasha tochi. (Ukienda, vaa viatu visivyoteleza. Mmoja wetu aliingia na ndala, akajuta.) Mapango ni kumi, lakini wageni huingizwa katika moja. Pengine tulisimama kama ukumbini, pengine tuliinama mpaka magoti yakagusa chini. Popo ni wengi na harufu yao si ya mchezo. Kijana alitueleza kuwa mwamba huo ni wa chokaa, na maji ndiyo yaliyoula pole pole kwa mamilioni ya miaka. Watu husema njia ya chini kwa chini inafika mbali sana. Wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote ni kama mita 900.

Akatusimulia Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950, wengine wakimwita jambazi na wengine shujaa. Akataja kampuni ya mkonge iliyokuwa na eneo hilo, na Idara ya Mambo ya Kale iliyokabidhiwa mwaka 1963.

Mzee akauliza: "Na wakata mkonge je? Hawakuingia humu?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Mzee wangu, hiyo sikufundishwa."

Tulimpenda kwa kutosema uongo. Tulipotoka nje, macho yakiuma kwa jua, akaongeza kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa Mrundi, aliyezaliwa kambini. Tukakaa chini ya mti. Kwa kuwa sisi ni watu wa chama tulimwuliza pia habari za mshahara, lakini hayo tuliyazungumza pembeni.

Mzee akataja jina la baba yake na kilima alikotoka. Kijana akaandika yote katika daftari, akaahidi kuwauliza wazee waliobaki katika kambi za zamani. Tangu hapo amepiga simu mara moja. Hajapata kitu, lakini kuna wazee wawili hajawafikia, mmoja yuko Muheza.