Tafuta Uzi

Leo nakuomba utafute uzi. Upime urefu wako toka kisigino hadi utosini, uukate hapo, kisha uukunje katikati. Sasa pumua nje, uuzungushe tumboni, kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Kiuno chapaswa kuwa chini ya nusu ya urefu wako. Wajawazito wasamehewe. Ncha zikikutana, shukuru. Zisipokutana, tuongee, maana hata zangu zilikataa.

Kitambi changu kilipoanza kutokeza, Wakristo wa parokia yetu walifurahi. "Pasta, mama anakutunza!" wakasema, nami nikacheka. Siku moja nikapanda kilima kumpelekea mama mzee Ushirika Mtakatifu kitandani pake. Nilifika nikihema hata nisiweze kusoma. Mgonjwa ndiye aliyemwambia mjukuu wake, "Mpe mchungaji kiti na maji." Niliona haya. Nilikwenda kumhudumia, naye akanihudumia mimi.

Wengi twadhani kitambi ni dalili ya neema. Lakini mafuta ya tumbo hayakai chini ya ngozi tu. Mengine huzunguka ini na matumbo, yakaongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo. Yatoka wapi? Chakula tusichokitumia, mwili hukiweka akiba.

Basi tufanyeje? Kwanza, tutazame kikombe. Soda moja ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Nasi wenye kutembelea nyumba nyingi, kila nyumba ina chai yake! Omba kikombe nusu, bila sukari. Mwenyeji hatakasirika ukimweleza.

Pili, sahani. Nusu iwe mboga, robo ugali, robo maharagwe au samaki. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi, na kuzimaliza ni kama nusu saa ya kutembea kwa haraka.

Tatu, miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Kulima na kuchota maji pia ni mazoezi. Wewe wa mjini, shuka matatu kituo kimoja kabla ya kwako. Mwenye ugonjwa amwone daktari kwanza. Wala usijinyime chakula kwa pupa. Kupungua nusu kilo kwa juma kwatosha.

Uzi wangu bado umepungua vidole viwili. Lakini mama yule alipofariki, mwaka uliofuata, nilipanda kilima kile mbele ya jeneza lake, nikasoma ibada yote bila kuhema.

Ndugu yangu, mwili ni amana, na kuna watu wanaokungoja juu ya kilima. Mungu akubariki.