Shaka la Wanafunzi Kumi na Mmoja

Jumapili inayofuata Pasaka, katika makanisa ya Kikatoliki, husomwa kila mwaka habari za mtume Tomaso. Na kila mwaka, aghalabu, maskini huyo huchapwa mijeledi upya mimbarini. Amegeuzwa kuwa kitisho cha kuwaonya wadogo kwa wakubwa: ole wako ukiwa kama Tomaso! Mimi ni mwanaisimu wala si mwanatheolojia, lakini kazi yangu ya kuyachunguza maneno hunisukuma kumtetea.

Iko sababu. Katika Kigiriki kilichotumiwa kuandika Agano Jipya kuna kitenzi ambacho maana yake hasa ni kuona shaka, nacho ni distazo. Msomaji mpendwa huenda akastaajabu kusikia kwamba kitenzi hicho hakimo kabisa katika kisa cha Tomaso. Mwandishi wa Injili ya Yohana ametumia neno jingine, apistos, yaani mtu asiyeamini. Distazo yenyewe inapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya zima, na mara zote mbili imo katika Injili ya Mathayo. Imejengwa juu ya mzizi wenye maana ya ‘mara mbili’. Anayeona shaka ni mtu aliyesimama njia panda, moyo wake mmoja ukimwambia hivi na mwingine ukimwambia vile. (Kwa bahati, jina Tomaso nalo katika Kiaramu ni ‘pacha’, lakini tusilipe jambo hilo uzito lisioustahili.)

Mahali pa kwanza ni ziwani Galilaya, katika sura ya 14. Petro ametoka chomboni, amepiga hatua juu ya maji, ameuona upepo, ameanza kuzama. Watu wengi hukumbuka kemeo alilopewa, wakasahau mpangilio wa vitenzi. Kwanza Yesu ananyosha mkono; pili anamshika; ndipo anapomuuliza kwa nini aliona shaka. Swali linamfikia Petro akiwa tayari ameokolewa. Hata lile jina aliloitwa, ambalo Mathayo analitumia mara nne na Luka mara moja, halimwiti kafiri. Linamwita mwenye imani haba, na sisi tunaosema haba na haba hujaza kibaba tunajua kwamba haba si sawa na hakuna.

Mahali pa pili ndipo penye uzito zaidi, nao wahubiri hupapita mbio. Ni mlimani Galilaya, katika sura ya mwisho, baada ya ufufuo. Wanafunzi wamebaki kumi na mmoja. Wanamwona, wanasujudu, na papo hapo wanaona shaka. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 inasema kuwa walioona shaka ni baadhi yao. Wataalamu wa Kigiriki wangali wanabishana iwapo sentensi ile inawahusu wachache au wote. Vyovyote iwavyo, Mathayo hakutaja majina, na Tomaso hakutengwa.

Kisha likatokea nini? Je, wenye shaka walitolewa mstarini ili wabaki walio imara pekee? La hasha. Agizo la kwenda kwa mataifa yote likatolewa palepale, kwa kundi lilelile, bila mchujo. Kwa maneno mengine, kanisa lililotufikia lilikabidhiwa mikononi mwa watu ambao baadhi yao, walipokuwa wakikabidhiwa, hawakuwa na hakika.

Najua nitakumbushwa Waraka wa Yakobo, unaomfananisha mwenye shaka na wimbi la bahari. Ni kweli, na sitaki kuupuuza. Lakini kitenzi cha Yakobo ni kingine, chenye maana ya kugawanyika na kuhojiana na nafsi yako, naye analenga mtu anayeomba huku ameigawa nafsi yake pande mbili. Na Waraka wa Yuda, unaotumia kitenzi hichohicho, unawataka waumini wawahurumie wenye shaka.

Lugha yetu nayo ina la kusema. Neno imani tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ndio uliozaa amana, amani, amini na mwaminifu, na ni jamaa wa ile amina ya Kiebrania. Katika ukoo huo wote kuna wazo la uthabiti, la kitu unachoweza kukiegemea. Mwenye kuweka amana kwa jirani huenda asilale usiku kucha akiwaza. Maadamu hajaenda kuichukua, bado amemwamini.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwamo ya watoto. Inadaiwa kwamba waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sijui ni wangapi miongoni mwao waliokuwa na swali kooni wakalimeza wasije wakaitwa Tomaso. Ninachojua ni kuwa shaka dogo, likitamkwa mapema mbele ya mtu asiyekaripia, lingeweza kumrudisha mtoto mmoja nyumbani.

Hatuhitaji kwenda msituni kuliona tatizo. Katika mafundisho ya kipaimara na katika vikundi vya vijana, anayeuliza swali gumu mara nyingi huambiwa akaombe zaidi. Na aombe. Lakini pia ajibiwe, na pale ambapo mwalimu hana jibu, amwambie hivyo kijana yule, amwachie nafasi yake katika benchi, na Jumapili ijayo amwite asome somo kama wenzake.