Je, Wajua? Wasomi Walipoteremka Mlimani

Mhadhara wa profesa, kwa wengi wetu, ni jambo la kupigia miayo. Lakini hapa kwetu Afrika Mashariki kuna mihadhara iliyowahi kuwatikisa marais, kufungisha jarida na kuwatia watu jela. Soma uone.

Chuo kizima kingeenea kwenye Hiace moja

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961, wanafunzi wake hawakufika 15, na wote walisoma sheria. Tena hakikuwa Mlimani, kilipo sasa. Masomo yalianza katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, pale jirani na Mnazi Mmoja, na wakahamia kilimani mwaka 1964. Fikiria tu: wasomi wa kwanza wa nchi walianza kujadili haki na sheria ndani ya ofisi za chama, na kelele za mjini zikiingia dirishani.

Maandamano ya wanafunzi yalipunguza mshahara wa Rais

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lingewafanya wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilithubutu kusema afadhali ukoloni. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwasikiliza, akapandwa na hasira, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Sehemu inayosahaulika ni hii: papo hapo alitangaza kujikata yeye mwenyewe asilimia 20 ya mshahara, kwa kuwa vijana walikuwa wamegusa penyewe waliposema wakubwa nao wanalipwa sana. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa.

Matairi yaliwahi kutolewa upepo kwa sababu ya maadili

Vyuo vya Uingereza vilikuwa na desturi ya wanafunzi kuvaa matambara siku moja kwa mwaka na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za hisani. Dar es Salaam ikairithi. Novemba 1968 kikundi cha wanafunzi wenye msimamo mkali kiliona kuvaa matambara kwa mchezo, katika nchi ambayo wengi huyavaa kwa kukosa nguo, ni kuwadhihaki maskini. Wakayatoa upepo matairi ya malori yaliyoandaliwa, na sherehe ikafia pale pale. Mjadala wa maadili umewahi kuendeshwa kwa njia nyingi, ila hii ya tairi bapa naipa nafasi ya kwanza.

Jarida la stensili liliishi mwaka mmoja, likazaa waziri wa fedha

Kikundi hicho cha kutoa matairi upepo kiliitwa USARF, na mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa Rais. Jumapili asubuhi walikuwa na darasa la itikadi, bila mtihani wala cheti. Novemba 1969 wakatoa jarida lao, *Cheche*, lililopigwa chapa kwenye stensili na kurudufiwa kwa mashine ya mkono ile inayoacha wino vidoleni.

Septemba 1970 toleo maalumu lilibeba makala ndefu ya kijana wa miaka 24 mzaliwa wa Kilosa, Issa Shivji, iliyodai kwamba ndani ya ujamaa wenyewe kulikuwa na mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya. Novemba mwaka huo huo, USARF na *Cheche* vyote vikapigwa marufuku, kwa hoja kwamba vinaleta picha ya ujamaa wa Kirusi. Vijana hawakulia. Walihamia kwenye tawi la vijana wa TANU pale pale chuoni na kutoa jarida jingine, *MajiMaji*. Mmoja wa wahariri wa *Cheche*, Zakia Meghji, mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha Tanzania. Kwa karatasi chache zilizobanwa pini, si haba.

Mhadhiri alizuiwa kushuka kwenye ndege, mji ukawaka

Walter Rodney, mwana wa Guyana, alipata udaktari wa falsafa London mwaka 1966 akiwa na miaka 24. Baada ya kufundisha Dar es Salaam kwa muda alikwenda Jamaika, na huko akawa na tabia iliyoitia serikali wasiwasi: akitoka darasani, anakwenda kukaa na Marasta na watu wa mitaa duni ya Kingston, kuwasimulia historia ya Afrika bila malipo. Oktoba 1968 alirejea kutoka mkutanoni Kanada, akakatazwa kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi wakaandamana, watu wa mitaani wakaungana nao, Kingston ikachafuka. Sisi ndio tuliofaidi: mwaka 1969 alirudi Mlimani, akakaa hadi 1974.

Kitabu mashuhuri kilisahihishwa na wanafunzi

Hapo Dar es Salaam ndipo Rodney alipoandika kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972 London na Dar es Salaam kwa pamoja, kikiwa na neno la mwisho la Abdulrahman Babu wa Zanzibar. Muswada aliwapa wanafunzi wawili wa Mlimani, Karim Hirji na Henry Mapolu, waukosoe. Halafu katika dibaji akafanya kituko ninachokipenda kuliko yote: aligoma kuandika ile sentensi ya kawaida kwamba makosa yote ni ya mwandishi peke yake. Kwake, kazi iliyofanywa na wengi, lawama zake nazo ni za wengi. Hebu jaribu kumwambia hivyo msimamizi wako wa tasnifu!

Mafahali wawili, umri wao ukijumlishwa ni miaka 65

Mwaka 1970 Rodney alikwenda Makerere kupambana kwa hoja na Profesa Ali Mazrui. Mmoja Mmaksi wa miaka 28, mwingine mliberali wa miaka 37, na bado wazee wa taaluma wanabishana nani aliibuka mshindi. Siku hizi mtu wa miaka 28 chuoni anahangaika kupata hata saini ya pendekezo la utafiti.

Makerere ilimkataa kijana, kisha ikampa idara

Huyo Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyezaliwa 1933, alipata daraja la tatu kwenye mtihani wa sekondari, na Makerere haikumtaka hata kama mwanafunzi. Akawa karani. Kilichomwokoa ni mdomo wake: alitoa hotuba kwenye sherehe ya Maulidi mbele ya gavana wa Kenya, gavana akavutiwa, na mlango wa masomo Uingereza ukafunguka. Aliporudi, Makerere ilimpokea akiwa mhadhiri, na kabla ya kufika miaka 35 alikuwa profesa na mkuu wa idara.

Mwaka 1979 BBC ilimpa Mihadhara ya Reith, ile iliyoanza 1948 na mwanafalsafa Bertrand Russell. Mazrui alitoa mihadhara sita juu ya hali ya Afrika. Mwaka 1986 ukaja mfululizo wake wa televisheni wa sehemu tisa kuhusu Waafrika na urithi wao wa pande tatu: wa jadi, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mfuko wa serikali ya Marekani ulikuwa umechangia dola 600,000. Mkuu wa mfuko huo, Lynne Cheney, alipoutazama alichukizwa mno na lawama kwa nchi za Magharibi hata akaagiza jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya wafadhili. Fedha ilikuwa imekwisha kuliwa.

Wasomi walikosolewa na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu

Huko Kamiriithu, karibu na Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o, mkuu wa idara ya fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngũgĩ wa Mirii waliandika tamthilia ya Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, yaani *Nitaolewa Nikipenda*. Wanakijiji waliosoma rasimu, wakiwemo vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda cha Bata, hawakupiga makofi tu. Walisahihisha. Mzee huyu hazungumzi hivi, wimbo ule haukuimbwa hivyo. Kisha wakajenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2,000.

Tamthilia ilianza Oktoba 2, 1977. Wiki sita baadaye kibali kikafutwa, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kesi. Gerezani Kamiti aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni. Zilikuwa ngumu na zenye mikwaruzo. Mwenyewe alitania kwamba kwa kazi yake halisi hazikufaa, ila kalamu ilizipenda. Ukumbi wa Kamiriithu ulibomolewa na polisi mwaka 1982.

Mwalimu wa anatomia alilishinda ghorofa

Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Jengo la KICC, fahari ya jiji, lina 28. Wangari Maathai, aliyewahi kufundisha anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi, alianza kuandika barua moja baada ya nyingine. Wabunge walimtukana kwa uanamke wake. Jibu lake lilikuwa la kitaaluma kabisa: suala lililopo linahitaji kiungo kilicho juu ya shingo, na asiye na kitu hapo amwache. Wafadhili wakajitoa, jengo halikujengwa, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Msomi mmoja alipoteza nchi mara mbili

Mahmood Mamdani alifukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, akaja kufundisha Dar es Salaam. Alirejea Makerere, akaikosoa serikali hadharani, na mwaka 1984, akiwa mkutanoni Dakar, akavuliwa uraia. Mwanawe Zohran, mzaliwa wa Kampala, alichaguliwa meya wa New York mwaka 2025.

Profesa alitumwa kuuliza ardhi ni ya nani

Mwaka 1991 Rais Mwinyi wa Tanzania alimpa Issa Shivji, yule yule wa *Cheche*, uenyekiti wa tume ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilizunguka mikoani ikisikiliza wakulima na wafugaji, na mwaka 1992 ikapendekeza jambo zito: mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yatoke kwa Rais, na ya vijijini yawe chini ya mikutano ya vijiji. Serikali ilikataa, na sheria za 1999 zikaiacha ardhi mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo, sheria ya ardhi ya vijiji ilileta baraza la watu saba la kusuluhisha migogoro, na wasiopungua watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Jumatano, Mabibo, bila kiingilio

Miongoni mwa waasisi wa mtandao wa jinsia, TGNP, mwaka 1993, walikuwemo maprofesa wa Mlimani kama Ruth Meena na Marjorie Mbilinyi. Kwa miaka mingi semina zao zimefanyika Jumatano Mabibo, Dar es Salaam, zikiwa wazi kwa yeyote: mama lishe, mwanafunzi, mtafiti, aliyepita njia. Bajeti ya taifa imewahi kuchambuliwa pale kwa Kiswahili, kwa swali ambalo wachumi hawalipendi: maji yako kwenye ukurasa gani, na nani anabeba ndoo?