Laini ya Nyumbani, Bei ya Ugenini

Mtu wa Juja, mji ulio karibu na Nairobi nchini Kenya, akiwa Mombasa, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwake, humpigia mamake simu kwa bei ileile ambayo angelipa akiwa Ruiru. Avuke mpaka wa Tanzania pale Namanga, mji ulio karibu na Juja kuliko Mombasa, na bei inageuka hata kabla pasipoti haijagongwa muhuri. Mtambo uliomhudumia dakika kumi zilizopita na ule unaomhudumia sasa inafanya kazi moja kwa teknolojia moja, na huenda yote miwili inaonekana kutoka dirisha lilelile la basi. Kilichobadilika ni nani anamdai nani. Kwa hiyo gharama ya kutumia simu ya nyumbani ugenini, yaani romingi, haipimwi kwa umbali. Hupimwa kwa makubaliano kati ya kampuni mbili, na kwa uthabiti wa serikali zinazozisimamia. Msafiri akilielewa hilo atajua wapi pa kubana matumizi, na raia naye atajua wa kumdai.

Juja ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na ndani yake taasisi ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika, inayopokea wanafunzi wa uzamili na uzamifu kutoka pembe zote za bara. Mbele kidogo, Thika, kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya na viwanda vinavyouza bidhaa nchi jirani. Ongeza wafanyabiashara wanaofuata mali Kampala na Arusha, na vijana wanaokwenda kutafuta riziki katika nchi za Ghuba. Ndiyo maana vibanda vya simu karibu na lango la chuo liitwalo Gate C huwahudumia wateja wa aina mbili: mgeni anayetaka laini ya Kenya, na mwenyeji anayeuliza laini yake itafanya kazi vipi akishaondoka.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu ya kutembea kifua mbele katika jambo hili. Mwaka 2006, Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania wakawa kama wa mtandao mmoja: ukipigiwa ukiwa ng'ambo ya mpaka hukatwi kitu, na ukipiga unatozwa kwa bei za huko. Umoja wa Ulaya ulikuwa bado haujafuta gharama za ziada za romingi wakati huo. Kisha kuanzia Oktoba 2014, Kenya, Rwanda na Uganda, na baadaye Sudan Kusini, ziliingia katika Mtandao Mmoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Simu kati ya nchi hizo ziliwekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika, kupokea kukawa bure, na ushuru wa ziada uliokuwa ukitozwa simu zinazoingia kutoka nje ukaondolewa kwa simu za majirani. Mawasiliano kati ya Kenya na Rwanda yakapanda mara kadhaa katika miezi ya mwanzo. Watu walikuwa na maneno ya kusema siku zote, ila bei iliwaziba midomo.

Tatizo ni kwamba makubaliano hayo yalijengwa juu ya sauti, na msafiri wa leo anaishi kwa data. Anatuma picha ya mzigo kwa WhatsApp, anatafuta njia kwenye ramani, anaita teksi kwa programu. Hapo kikomo cha 2014 hakimsaidii. Hata kwenye sauti, hesabu inaacha maswali. Kwa kiwango kilichowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kuanzia Machi 2024, kampuni moja ya Kenya ilitakiwa kuilipa nyingine senti 41 za shilingi kwa dakika ili kuipokelea simu. Kikomo cha malipo kati ya kampuni chini ya Mtandao Mmoja kiliwekwa kuwa senti 7 za dola, ambazo leo ni kama shilingi 9. Sikatai kwamba kuvusha simu mpaka kuna gharama zake, kama njia za masafa marefu na hesabu za fedha za kigeni. Lakini zizidi zile za ndani ya nchi kwa zaidi ya mara ishirini? Hiyo ni bei iliyojadiliwa mezani na kuachwa hapo.

Ushahidi wa upande wa pili unatoka Ulaya. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama za ziada za romingi Juni 2017, na haukuishia kwenye bei ya mteja. Uliweka kikomo kwa kile kampuni zinachotozana zenyewe: euro 7.70 kwa gigabaiti mwaka ule, kikishuka hatua kwa hatua hadi euro 1 mwaka 2027. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja huo, baadhi ya kampuni zake kubwa, zikiwemo EE na Vodafone, zilirudisha tozo kwa wateja wengi waendao Ulaya mwaka 2022. Minara haikuhamishwa. Sheria ndiyo iliyoondoka.

Mpaka sheria kama hiyo ifike kwetu, njia ya nafuu ni kuipa simu kazi mbili. Simu nyingi zinazouzwa Juja, hata za bei ya chini, zina nafasi ya laini mbili. Laini ya nyumbani ibaki hewani kwa ajili ya ujumbe mfupi, kwa sababu kupokea SMS ugenini kwa kawaida hakutozwi, na ndiko zinakoingia namba za siri za benki na taarifa za M-PESA. Data ya laini hiyo izimwe kabisa, pamoja na ruhusa ya romingi kwenye mipangilio, kwa maana simu husasisha programu na kupakia picha hata mwenye simu akiwa amelala. Laini ya pili inunuliwe huko uendako kwenye duka rasmi na pasipoti mkononi, iwekwe bando, na WhatsApp iachwe ikitumia namba ya zamani. WhatsApp haidai laini ya namba hiyo ndiyo iwe chanzo cha intaneti. Anayekaa karibu na mpaka achague mtandao wake kwa mkono, maana Busia au Namanga simu inaweza kurukia mnara wa jirani bila mwenyewe kuvuka. Wenye simu zinazokubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, wanaweza kununua bando la nchi nyingine kabla hawajaondoka, lakini simu nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo.

Wapo watakaosema kuwa WhatsApp imeshamaliza ubishi wote huu. Haijamaliza. Kwanza WhatsApp inataka data, na data ndiyo ghali. Pili, Umoja wa Falme za Kiarabu unazuia simu za WhatsApp, na anayefanya kazi Dubai hulazimika kutumia programu zilizoidhinishwa kama BOTIM, ambayo mama aliye Juja naye hana budi kuiweka kwenye simu yake. Tatu, benki haitumi namba ya siri kwa njia aipendayo mteja, bali kwa SMS kwenye laini yake ya nyumbani. Laini ya Kenya ikikaa muda mrefu bila kutumiwa huzimwa na namba kupewa mtu mwingine, na pamoja nayo hupotea mlango wa akaunti. Anayekwenda kwa mkataba wa miaka miwili ana sababu ya kuiwekea salio mara kwa mara hata kama hapigi simu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kodi. Serikali zilipata mapato kwenye simu za kutoka nje, na Kenya yenyewe hutoza ushuru wa asilimia 15 kwa huduma za simu na data, juu yake VAT ya asilimia 16. Lakini tozo kubwa kwenye simu za kimataifa ndiyo iliyowanenepesha wenye mitambo ya magendo, wanaozipitisha simu hizo kama za ndani ya nchi na kuiacha hazina mikono mitupu. Bei ikishuka, biashara hiyo hukosa faida, na dakika zilizoongezeka hutozwa kodi kihalali.

Jumuiya sasa ina wanachama wanane, baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Biashara ya Thika haiishii tena Malaba, mpakani na Uganda. Mamlaka za mawasiliano za nchi hizi zinapaswa kuweka kikomo cha data kinachozibana kampuni zenyewe kwa zenyewe, si ahadi kwa mteja peke yake, na kutangaza hadharani ni nchi gani inatekeleza na ipi bado. Msomaji anayesafiri kabla ya hapo azime data ya laini yake ya nyumbani kabla basi halijafika mpakani.