Likoni 1997: Moto haukuanzia kivukoni

Kila uchaguzi unapokaribia, barazani petu huulizwa swali lile lile: ya Likoni yatarudi? Mimi huwaambia wenzangu tuulize kwanza yalitoka wapi.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Kisha wakaandamwa majirani zetu wenye asili ya bara. Waliokufa walizidi 100, na maelfu wakahama, wengine wakajisitiri kanisani.

Wengi husema ni siasa tu. Uchaguzi ulikuwa mwaka ule ule, sikatai. Lakini mchochezi hapati watu pasipo na kidonda, na kidonda chetu ni ardhi. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba Pwani ajitokeze kulidai. Isiyodaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo wala si kwa jina la mtu mmoja, wakapitwa. Wajukuu wao leo huitwa maskwota penye makaburi ya babu zao.

Sasa muuza mboga wa Likoni aliyetoka Nyanza alikosa nini? Sheria ile hakuitunga yeye. Hasira humpata aliye karibu, na aliyesababisha yuko mbali, analala usingizi.

Serikali ilituma askari. Vijana wengi walikamatwa, baadhi wakalalamika kuteswa. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998, ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Kuzima moto tunajua, ila kuni huachwa pale pale.

Baada ya ghasia za 2007 na 2008, mazungumzo yaliyoongozwa na Kofi Annan yalikiri kwamba ardhi ni mojawapo ya vyanzo. Katiba ya 2010 ikaleta Tume ya Taifa ya Ardhi, nayo ikapewa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Hilo nalipongeza, maana hapo ndipo penye kuni. Hata hivyo marekebisho ya sheria ya 2016 yaliweka miaka mitano ya kuwasilisha madai. Tarehe ya mwisho tena, kama 1908!

Mjomba wangu wa Msambweni alizipata habari hizo muda ushapita. Karatasi zake bado ziko ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kitanda.