Taa ya injini inawaka? Usikimbilie kununua sensa, kisa cha mchomoko wa kaka

Leo naandika toka huku kwetu Binza, mkoani Simiyu. Kaka yangu anaendesha mchomoko, Probox, anapiga abiria Maswa na Bariadi, siku nyingine anafika mpaka Lamadi. Gari si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi. Ghafla taa ya injini ikawaka, gari ikaanza kula mafuta na hesabu ikawa haifiki. Bosi akaanza maneno, eti kaka anauza mafuta njiani. Kazi ilikuwa inaondoka hivi hivi tunaona.

Gereji ya kwanza walipima kwa mashine ikatoka namba P0135. Fundi akasema sensa ya oksijeni imekufa, nunua nyingine. Gereji ya pili wakashauri balbu ya taa ichomolewe tu isisumbue macho. Jamani! Ukivunja kipimajoto homa inapona?

Mie sio fundi, nimemaliza kidato cha nne tu, lakini fizikia ya umeme niliielewa. Twende taratibu.

Sensa hii imefungwa kwenye bomba la ekzosi, inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Oksijeni ikiwa nyingi inatoa kama volti 0.1, petroli ikizidi inatoa kama 0.9. Kompyuta ya gari inasoma hizo volti, inaongeza au kupunguza petroli. Ishu ni kwamba sensa ikiwa ya baridi haifanyi kazi, inataka joto la nyuzi 300 na zaidi. Bosch walipoanza kuitengeneza mwaka 1976, ilikuwa inasubiri ipashwe na moshi wenyewe. Mwaka 1982 wakaiwekea hita ndani ili iwahi kupata moto.

Hita isipofanya kazi, kompyuta inamwaga petroli kwa kukadiria. Na mchomoko unavyosimama kila kituo kusubiri abiria, sensa inapoa tena na tena. Petroli ikizidi kwa muda mrefu, inaua mpaka masega ya ekzosi.

Sasa P0135 maana yake ni hitilafu kwenye SAKETI ya hita ya sensa ya kwanza, ile ya kabla ya masega. P0141 ni ya sensa ya pili, baada ya masega. Haijasema sensa imekufa! Saketi ni hita, nyaya, soketi, fyuzi na kompyuta. Unapima hivi:

1. Zima gari, acha ekzosi ipoe kabisa.

2. Chomoa soketi ya sensa. Kwa kawaida nyaya ni nne. Mbili zenye rangi moja, nyeusi au nyeupe, ndizo za hita.

3. Weka mita kwenye omu, pima hizo mbili upande wa sensa. Sensa ya kawaida ya Toyota ikiwa baridi inasoma omu 11 hadi 16 hivi. Zipo sensa za aina nyingine zinazosoma omu 2 au 3 tu, kwa hiyo hakikisha na kitabu cha gari lako. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Hapo kweli kanunue sensa.

4. Hita ikiwa nzima, hamishia mita kwenye volti, fungua swichi bila kuwasha injini, pima soketi upande wa gari. Waya mmoja wa hita unatakiwa ulete volti 12. Ule mwingine unaenda kwenye kompyuta, ndiyo inayoufunga na kuufungua.

5. Volti 12 hakuna? Angalia fyuzi. P0135 na P0141 zikija pamoja, anzia hapo, maana magari mengi hita zote zinakula fyuzi moja. Fyuzi nzima lakini umeme haufiki, basi waya umekatika katikati.

Kwetu mita ilisoma omu 13, hita nzima. Volti hakuna. Fyuzi nzima. Tukafuata waya kidogo kidogo, tukakuta umekatwa na panya! Gari inalala pembeni ya ghala la mahindi, sasa unategemea nini?

Tukaunganisha kwa lehemu, tukafunika vizuri na kuufunga mbali na bomba la ekzosi, maana tepu ya kawaida ikikaribia pale inayeyuka. Tukafuta ile namba kwa mashine, taa haijarudi.

Kaka alimpelekea bosi kile kipande cha waya kilichotafunwa. Mzee akakiangalia, akanyamaza, kesho yake akampa ufunguo kama kawaida. Hesabu sasa inafika.

Sisemi kila gari linalokula mafuta tatizo ni hili, hapana. Nasema pima kwanza ndipo ununue. Mafundi mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni hapo chini kwenye maoni.

Nawakilisha.